Mawe ya Bigwa si mwamba: kwa anayejenga chini ya Uluguru

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Bigwa, Morogoro, karibu kabisa na mlima. Fundi alipochimba msingi upande wa juu alikutana na mawe makubwa, akasema tumeshafika kwenye mwamba, tumwage zege. Upande wa chini, hatua kama 30 tu, amechimba futi 8 za udongo mwekundu na jiwe hajaliona. Kaka yangu naye ana eneo upande wa Mkata. Kule udongo ni mweusi na kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Juu ya hayo, mchimba visima ametuambia chini ya mlima maji hayakosi, popote atakapochimba atayapata. Mwamba wenyewe uko wapi? Na inakuwaje ardhi ibadilike hivi ndani ya kiwanja kimoja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na fundi, maana zege likishamwagwa halirudi kwenye karai. Mwambie asubiri siku mbili tatu. Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kama amefika kwenye mwamba. Amefika kwenye mawe. Yanaweza kuwa makubwa kuliko chumba na yakamvunjia sururu, lakini jiwe lililolala ndani ya udongo ni kitu kimoja, na mwamba ulioungana na mlima mpaka chini ni kitu kingine. Nyumba itakayokaa juu yake italijua hilo kabla yenu.

Hapo ulipo kuna jiolojia mbili zilizopandana. Ya chini ni mwamba, wenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, uliopikwa katika kina ambacho hakuna mtambo wa kuchimba uliowahi kukifikia. Ya juu ni vyote ambavyo mlima umevibomoa, ukaviozesha na kuvitelemsha: udongo, changarawe, mchanga na hayo mawe yenu. Ukilinganisha na mwamba, hiyo ya juu ni ya juzi tu. Shimo la futi 8 linakuonyesha ya juu peke yake. Fundi ameiona ya juu akadhani ni ya chini, na mchimba visima anaisemea ya chini bila kuiona.

Mwamba kwanza. Wapo watu wa Morogoro wanaoamini kwamba Uluguru ni volkeno iliyozimika. Volkeno ni Kilimanjaro, ni Meru, ni Ol Doinyo Lengai. Uluguru ni wa ukoo mwingine, ule wa Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya, ikashuka Pare na Usambara, ikapita Nguru na Ukaguru mpaka Udzungwa. Miamba ya milima hiyo ni miamba geu, yaani miamba ya zamani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka yote. Ukanda mzima wenye miamba hiyo, kutoka Msumbiji kupitia Tanzania na Kenya hadi Ethiopia, ulipewa jina la Ukanda wa Msumbiji na mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951.

Kilichoipika ni mgongano wa mabara. Afrika haikuwa Afrika wakati huo. Vipande vya ardhi vilivyokuja kuunda bara kubwa la kale la Gondwana vilikuwa vinasogeleana, bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, na miamba ya pembeni ikasukumwa chini kilomita 30 mpaka 40, kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Sospeter Muhongo, ambaye Watanzania wengi walikuja kumjua baadaye kama Waziri wa Nishati na Madini, alichapisha mwaka 1994 pamoja na mwenzake Lenoir umri wa mapishi hayo, wakitumia chembe za madini ya zirkoni zilizomo ndani ya miamba ya huku kwetu. Majibu yaliangukia kati ya miaka milioni 640 na 700 iliyopita. Wakati huo nchi kavu haikuwa na mti wala mnyama.

Mwamba unaotawala Uluguru unaitwa granulaiti. Ukitaka kuuona, usiutafute kwenye shimo lako. Panda njia ya Morningside, pale barabara ilipokata ukingo wa mlima, utafute uso wa jiwe uliovunjika karibuni, usiwe na kuvu wala kutu. Utaona mistari, mmoja mweusi au wa kijani kilichoiva, mmoja wa kijivu au mweupe, imelala sambamba, na mahali pengine imejikunja. Mistari myeusi ni madini yenye chuma na magnesi nyingi, haniblendi na pairoksini. Myeupe ni feldispa, mara nyingine na kwatsi kidogo. Ukisogeza macho utakutana na punje nyekundu za kahawia, za ukubwa wa mtama au kunde, zimekaa ndani ya jiwe. Hiyo ni ganeti. Gonga kwa nyundo. Granulaiti ambayo haijaoza inalia na nyundo inakurudi mkononi. Iliyooza inatoa sauti ya kubonyea.

Ikumbuke hiyo mistari, maana ndiyo itakayotusaidia kujua kama fundi wako yuko sahihi.

Si mlima wote ni granulaiti. Katikati yake kuna anothositi, mwamba mweupe wa feldispa karibu tupu, wa aina ileile inayotengeneza nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu nyeupe unazoziona usiku. Upande wa mashariki, kuelekea Matombo, kuna marumaru, ambayo ilikuwa chokaa ya baharini kabla haijapikwa, na humo ndimo wachimbaji wanamotafuta rubi. Mishipa ya madini yenye punje kubwakubwa imepenya hapa na pale ikiwa na ulanga (maika), ambao Wajerumani waliuchimba. Katika mishipa hiyo yalipatikana pia madini ya urani, na mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya manjano kutoka humo, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Kwa hiyo kwenye vitabu vya madini vya dunia nzima Morogoro imeandikwa kama mahali madini hayo yalipotambuliwa mara ya kwanza. Hayapo kwenye msingi wako, usiwe na wasiwasi.

Sasa, mwamba uliopikwa kilomita 30 chini umefikaje juu, mpaka kilele cha Lupanga kinauchungulia mji kutoka zaidi ya mita 2,100 wakati mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi? Sehemu ya kwanza ya jibu ni muda. Milima ya ule mgongano wa kwanza ilishaliwa na mvua na mito zamani mno, na kila kilichoondoka juu kiliipa nafuu miamba ya chini ikapanda. Sehemu ya pili ni mipasuko. Tangu karibu miaka milioni 300 iliyopita, enzi ambazo wanajiolojia wanaziita Karoo, ganda la dunia la huku lilianza kuvutika na kukatika. Vipande vingine vilididimia, vikajaa mchanga na tope. Mashapo hayo ndiyo miamba tabaka unayoikuta ukitoka Uluguru kwenda mashariki na kusini, na kwenye mabonde mengine ya wakati huo yamo makaa ya mawe. Vipande vingine vilibaki juu. Mipasuko hiyo ikaja kuamshwa tena baadaye, ikiwemo wakati wa kufunguka kwa Bonde la Ufa. Uluguru ni kipande kilichobaki juu na Mkata ni kipande kilichozama. Ukisimama barabara ya Iringa ukatazama mlima unavyoinuka ghafla kutoka tambarare, bila vilima vya kukuandaa, unaangalia kazi ya mpasuko.

Basi huo ndio mwamba wako, uko chini ya Bigwa kama ulivyo chini ya Morogoro yote. Tatizo liko kwenye kilichoufunika.

Granulaiti ni ngumu ikiwa kavu na imefunikwa kina kirefu. Ikifika karibu na uso wa nchi yenye joto na mvua, madini yake yanaanza kuachia. Feldispa inageuka mfinyanzi mweupe. Haniblendi, pairoksini na ganeti zinaachia chuma, nacho kinashika kutu. Huo ndio wekundu wa udongo wa Morogoro wote, kutu ya mlima. Kwatsi haigeuki kitu, inabaki changarawe na mchanga. Kwa kuwa miamba mingi ya Uluguru ina kwatsi kidogo na madini ya chuma mengi, udongo wake ni mfinyanzi mwekundu mzito kuliko ule wa kichanga unaoukuta kwenye nchi ya mawe ya matale kama Dodoma.

Maji hayaozeshi mwamba kwa usawa. Yanafuata nyufa. Nyufa zikikatana, zinagawa mwamba katika matofali makubwa, na kila tofali linaoza kuanzia nje kwenda ndani, pembe kwanza. Mwishowe unapata jiwe gumu la mviringo katikati ya mwamba uliooza, ule ambao mafundi wanauita jiwe bovu: kwa macho ni mwamba, mistari yake ipo yote, lakini unaukata kwa jembe. Mahali maji yalipopenya zaidi, uozo unashuka mita nyingi. Hatua chache pembeni, penye nyufa chache, mwamba mgumu unaweza kuwa karibu na uso. Hii ni sababu ya kwanza ya ardhi kubadilika ndani ya kiwanja kimoja.

Ya pili ni mito. Bigwa, Kilakala na Kigurunyembe ziko pale mlima unapokwisha. Kijito kinachoteremka kwenye mteremko mkali kina nguvu ya kubeba jiwe la tani kadhaa siku ya mafuriko. Kikifika pasipo na mteremko, nguvu inakwisha, kinatua mzigo: mawe makubwa kwanza, kisha kokoto, kisha mchanga, na tope linaendelea mbali. Baada ya muda njia yake inajiziba kwa mzigo wake mwenyewe, kinahamia kushoto au kulia na kuanza upya. Miaka elfu kwa elfu, mlangoni mwa bonde panajengeka lundo pana lenye umbo la pepeo, mpini ukiwa mlimani. Ukichimba ndani ya lundo hilo unaweza kukutana na mto wa zamani uliojaa mawe, na hatua 30 pembeni ukakutana na tope lililotulia kando ya mto huohuo. Ukitaka kuona mawe ya namna hiyo kabla hayajazikwa, nenda Rock Garden, Mto Morogoro unapotoka mlimani. Yale mawe yote ni wageni pale.

Ya tatu ni maporomoko ya udongo. Februari 1970 kule Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu. Milima ilichanika mahali takriban 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walioyapima maporomoko hayo walikuta mengi ni ya kina kifupi, mita moja na kidogo: ngozi ya udongo iliyolowa ikateleza juu ya kilicho chini yake. Na karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi; machache mno yalianzia msituni. Udongo wa namna hiyo hausafiri mbali kama wa mto. Unajikusanya chini ya mteremko, umechanganyika, mawe yenye pembe kali humohumo na mfinyanzi, bila mpangilio. Sehemu ya udongo wako mwekundu wa futi 8 inaweza kuwa hiyo.

Kwa hiyo una mambo matatu yanayofanana kwa mbali: mawe yaliyobaki mahali pake huku mwamba ukioza kuyazunguka, mawe yaliyoletwa na mto, na mawe yaliyoporomoka na udongo. Kuyatenganisha hakuhitaji maabara. Kunahitaji ndoo ya maji, brashi ya kufulia na asubuhi moja.

Safisha mawe matano au sita ndani ya mtaro wa msingi bila kuyasogeza. Yasugue mpaka mistari ionekane. Kisha weka fimbo juu ya kila jiwe kufuata mistari yake. Kama fimbo zote zinaelekea upande mmoja na zinalala kwa mwinamo unaokaribiana, mawe hayo hayajawahi kuhama. Ni masalia ya mwamba mmoja uliooza katikati yao. Kama moja linaelekea Kingolwira, jingine linaelekea mbinguni na la tatu limepinduka, yameletwa. Nimetumia njia hii kwa miaka mingi, na kwa nchi yenye miamba ya mistari sijui nyingine ya bei rahisi inayoishinda.

Halafu angalia aina. Mawe ya mto huwa mchanganyiko: hili lina ganeti, hili halina, hili jeupe, na mengi yamelainika pembe. Mwamba uliooza mahali pake hutoa mawe ya ukoo mmoja. Chimba pia kwa mtaimbo ubavuni mwa jiwe kubwa kuliko yote mpaka ulione tumbo lake. Likiwa linaendelea kupanuka kuelekea chini, endelea kulichunguza. Likijikunja na ukakuta udongo au mchanga chini yake, fundi ameshindwa hoja.

Upande wa udongo mwekundu, kata ukuta mmoja wa shimo wima, ulainishe kwa panga, uuangalie jua likiwa la asubuhi au la alasiri. Tafuta mstari wa changarawe nyeupe za kwatsi, unene wa kiganja au zaidi, unaopita ubavuni. Mara nyingi huo ni mpaka: udongo wa juu yake umesafiri, wa chini yake umezaliwa hapohapo. Ukishuka chini ya mstari huo na kuona mshipa mwembamba wa kwatsi unaoshuka wima au kwa kukingama bila kukatika, umeukuta mwamba wako, umeoza lakini haujahama. Mwamba uliooza namna hiyo, ukiwa mkavu na umebana, unabeba nyumba ya kawaida vizuri tu. Hata udongo ulioporomoka unaweza kubeba, lakini huo nauamini kidogo, hasa ukiwa na matundu na unabonyea kwa kisigino baada ya kumwagiwa maji.

Hatari halisi ya kiwanja chako ni mchanganyiko. Nyumba ikikaa nusu juu ya jiwe gumu na nusu juu ya mfinyanzi, masika ya pili au ya tatu upande wa mfinyanzi utashuka kidogo na upande wa jiwe utakataa. Ufa utaanzia pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari. Watasema saruji ilikuwa mbovu. Kwa hiyo chagueni jambo moja. Ama nyumba isogezwe yote upande wa udongo, ama mawe yaliyojitokeza yachimbuliwe na msingi wote ukae kwenye udongo wa aina moja, ama msingi uwe na mkanda wa zege na nondo uliopigiwa hesabu na mhandisi kwa ajili ya tofauti hiyo. Mimi ningechagua la kwanza kama kiwanja kinaruhusu. Kuvunja mawe kwa moto wa matairi, kama ninavyoona wengine wakifanya, acheni kabisa. Jiwe linapasuka na udongo wa pembeni unalegea, na moshi ule si wa kuvutia kifuani.

Jambo jingine nisingependa likupite. Ikiwa mawe yaliletwa na mto, uliza mto wenyewe uko wapi leo. Kijito kilichowahi kuhama kinaweza kuhama tena, na lundo la mashapo lipo kwa sababu mafuriko yalifika hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huiona kama usumbufu wa serikali. Kwenye mdomo wa bonde la Uluguru, naiona mita 60 kuwa kidogo.

Mkata ni habari nyingine, ingawa mzazi ni yuleyule. Tope laini lililopita Bigwa bila kutua linaishia kwenye tambarare kama zile. Huko maji hayana pa kwenda. Kalisi na magnesi, ambazo kwenye mteremko mvua inazifua na kuondoka nazo, zinabaki, na mfinyanzi unaozaliwa katika hali hiyo ni wa aina inayomeza maji na kuvimba, kisha kiangazi unayatoa na kujikunja. Ndiyo nyufa za kaka yako. Akichimba atakuta pia vijiwe vyeupe vya chokaa, na mara nyingine nyuso za udongo zinazong'aa kama zilisuguliwa, kwa sababu kweli zilisuguliwa: vipande vya udongo vinateleza kimoja juu ya kingine kila mwaka. Mpangilio huu, mwekundu mlimani na mweusi mbugani, unaojirudia kutoka kilima hadi kilima, ulielezwa kwanza hapahapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, aliuita katena mwaka 1935, na istilahi hiyo bado inafundishwa dunia nzima.

Kwa ujenzi, udongo mweusi hauna urafiki. Kama kaka yako analima, amekaa vizuri. Kama anajenga, auondoe wote chini ya nyumba pale unapokuwa mwembamba, ajaze moramu iliyoshindiliwa, na maji ya paa yaende mbali. Ukiwa mnene, asiende mbele bila mhandisi.

Sasa maji. Mchimba visima wako amechanganya mambo. Ni kweli Uluguru unanyeshewa. Mteremko wa mashariki unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka wakati mji wa Morogoro unapata 900 hivi, na mito yake inaingia Ruvu inayonywesha Dar es Salaam. Lakini granulaiti yenyewe haina nafasi ya kuweka maji. Yanakaa sehemu mbili tu: kwenye mwamba uliooza, hasa pale unapokutana na mwamba mgumu wenye nyufa, na kwenye mipasuko mirefu. Kisima kinachokosa vyote viwili ni tundu kavu la gharama kubwa, hata kama kiko mita 100 kutoka kwenye mto. Kwenye mashapo ya pepeo kuna sehemu ya tatu, changarawe za mito ya zamani, na hizo hutoa maji karibu na uso. Uzuri wake ndio ubaya wake: maji yanayopita haraka kwenye changarawe yanapita na cha jirani pia. Kama choo cha shimo cha jirani wa juu kiko kwenye changarawe hizohizo, unajua kilichobaki.

Kwa hiyo asichimbe "popote". Aanze na upimaji wa ardhini, ule wa kupitisha umeme kwenye udongo kwa vyuma vilivyochomekwa, ambao unatofautisha mwamba mgumu, mwamba uliooza wenye maji na mfinyanzi. Mwulize pia atajuaje tofauti ya jiwe na mwamba mtambo wake ukigonga kitu kigumu kwenye mita 6. Akikujibu kwamba hapo ndipo mwamba unapoanza, ana ugonjwa wa fundi wako. Mchimbaji mzuri anaendelea, anaweka vumbi la kila mita kwenye marundo yake pembeni, na anakuonyesha pale rangi inapobadilika kutoka nyekundu kwenda ya majivu. Na kisima cha mashine kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ofisi yao iko hapohapo Morogoro, na ukiwauliza kwa upole kuhusu visima vya jirani utapata cha kukusaidia.

Ukitaka ramani, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma inazo za eneo lako. Ununue ukijua inachokuonyesha: ramani hizo zimechorwa kwa ajili ya mwamba. Mashapo ya juu yanawekewa rangi pale yanapokuwa mapana na mazito. Mto wa zamani wenye upana wa hatua 30 chini ya sebule yako hautauona humo, hata ukiazima miwani.

Ukishasafisha mawe, piga picha nne: mtaro mzima ukiwa na fimbo juu ya mawe, jiwe moja kwa karibu likiwa limelowa ili mistari ionekane, ukuta wa shimo la udongo mwekundu ukiwa na futi kamba pembeni, na mlima wenyewe, wewe ukiwa umesimama kiwanjani ukitazama juu. Andika pia kijito cha karibu kiko upande gani na umbali gani. Nitumie hizo nitakuambia ni ipi kati ya zile tatu, na kama fundi anaweza kuchanganya zege Jumatatu.